Kengele ya Moto Isiyokaguliwa ni Pambo la Ukutani

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifunza Kiswahili katika chuo kimoja cha kibinafsi kilichokodi orofa ya nne ya jumba la biashara jijini Nairobi. Msomaji anayelijua jiji hili hahitaji kuelezwa sana jinsi majumba ya aina hiyo yalivyo. Chini kabisa palikuwa na maduka ya nguo na ya simu. Orofa ya kwanza ilikuwa na hoteli ya chakula, ya pili ilikuwa na duka la kunakili karatasi pamoja na bohari za wafanyabiashara, ya tatu ilijaa mafundi wa cherehani, na juu yao tulikuwa sisi, walimu na wanafunzi wapatao mia mbili, tukigombania ngazi moja nyembamba na wachukuzi wa mizigo.

Karibu na mlango wa darasa langu palikuwa na kisanduku chekundu kilichobandikwa ukutani, chenye kioo kidogo usoni. Nilikipita kila siku bila kukitazama, kama vile mtu apitavyo picha ya kale iliyotundikwa sebuleni kwake. Siku moja, katikati ya somo la ufahamu, msichana mmoja aliyezoea kukaa karibu na mlango aliinua mkono, nami nikadhani anataka kuuliza maana ya neno.

"Mwalimu," akasema, "kile kisanduku chekundu ni cha nini?"

"Ni cha kengele ya moto," nikamjibu. "Moto ukizuka, unakivunja kile kioo, kengele inalia jumba zima."

"Na kweli inalia?"

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka pamoja nao, kwa kuwa sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu mara nyingi hukimbilia kicheko. Hata hivyo swali lile lilinikereketa, na jioni yake niliposhuka nilimwendea mzee aliyekuwa msimamizi wa jumba, nikamuuliza kama ile kengele inafanya kazi.

"Ile tuliizima kitambo, mwalimu," akaniambia bila kusita. "Kila mpishi akikaanga vitunguu, inalia. Wateja wanatoka mbio bila kulipa, na wapangaji wanakuja hapa kunigombeza mimi. Mwenye jumba akasema ikae hivyo mpaka fundi aje."

"Na fundi atakuja lini, mzee?"

"Hayo muulize mwenye jumba. Mimi kazi yangu ni kufungua na kufunga."

Sikumuuliza mwenye jumba. Nakiri hapa mbele ya wasomaji kwamba sikumuuliza, wala sikumwambia mkuu wa chuo, wala sikurudi darasani kumweleza yule msichana niliyoyasikia. Nilijiambia kwamba mimi ni mwalimu wa lugha, na kwamba kengele zina wenyewe.

Miezi michache baadaye, alasiri yapata saa tisa, tulianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Mwanzoni hakuna aliyejishughulisha, maana harufu za hotelini tulizizoea. Kisha mchukuzi mmoja akaja juu mbio akipiga kelele kwamba bohari ya orofa ya pili inawaka. Tulipofika kwenye ngazi, moshi mweusi ulikuwa umekwisha kutangulia. Tukakimbilia mlango wa nyuma uliokuwa na ngazi ya dharura, tukakuta umefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa bawabu, chini kabisa, ng'ambo ya pili ya moshi. Hatukuwa na njia nyingine ila kushuka kwa ile ngazi moja, kila mtu ameshika bega la mwenziwe, leso puani, macho yakitiririka machozi, huku mafundi wa cherehani nao wakitoka kwa wingi na kujipenyeza katikati yetu.

Namshukuru Mungu kwamba hakufa mtu. Wazimamoto walifika na kuuzima moto ukiwa bado ndani ya bohari ile. Lakini katika msukumano wa pale ngazini baadhi ya watu walianguka na kukanyagwa, na mmoja wao alikuwa yule msichana wa swali la kisanduku. Alivunjika mkono, na moshi aliouvuta ulimlaza hospitalini kwa siku kadhaa. Nilipokwenda kumjulia hali hakunilaumu kwa neno lolote. Aliniuliza tu, "Mwalimu, uliwahi kuuliza ile kengele?" Nikamwambia ukweli, kwamba niliuliza mara moja, nikaambiwa imezimwa, nikanyamaza.

Nimekisimulia kisa hiki kirefu kwa sababu naamini kwamba ukimya wangu wa siku zile ndio ukimya wa wengi wetu. Tunapoona kengele ya moto ukutani, nyoyo zetu hutulia, nasi huendelea na shughuli zetu tukiamini kwamba kuna kitu kinachotulinda. Hapo ndipo penye hatari. Jumba lisilo na kengele kabisa huenda likamfanya mtu awe macho, atazame milango iko wapi, asikilize kelele zisizo za kawaida. Jumba lenye kengele iliyokufa humlaza mtu usingizi. Ni sawa na mlinzi aliyeajiriwa kukesha lakini akalala fofofo langoni: mwenye nyumba naye analala kwa kumtegemea yeye.

Yafaa tufahamu kwanza kengele hizi hufanya kazi vipi, maana hatuwezi kudai ukaguzi wa kitu tusichokijua. Wahenga walisema kwamba palipo na moshi pana moto, na vyombo vya siku hizi vimejengwa juu ya hekima iyo hiyo. Kile kijisahani cheupe tunachokiona darini ni kitambuzi cha moshi. Aina moja iliyoenea ina mwanga mdogo ndani yake, na jicho la umeme lililowekwa pembeni mahali ambapo mwanga huo hauwezi kulifikia moja kwa moja. Moshi ukiingia, chembechembe zake huutawanya mwanga, sehemu yake ikaliangukia lile jicho, na kitambuzi kikapeleka habari. Iko pia aina isiyojali moshi bali joto. Hii hufaa jikoni na mahali pengine penye mvuke au moshi wa kawaida. Kisha kuna vile visanduku vyekundu vya kuvunjwa kioo, kwa ajili ya mtu atakayeuona moto kabla ya chombo. Habari zote hizi huenda kwenye sanduku kuu, ambalo kwa kawaida huwa karibu na lango la jumba, nalo ndilo linaloamrisha ving'ora vilie. Ndani ya mfumo huo huwamo betri, ili stima ikipotea kengele isife pamoja na taa.

Sasa mtu na ajiulize: chombo chenye sehemu nyingi namna hii kitadumu vipi miaka kumi bila kuguswa? Vumbi la jiji huingia ndani ya kitambuzi na kukifanya ama kilie ovyo ama kisilie kabisa. Buibui na wadudu wengine hujenga humo. Betri huzeeka hata kama haijawahi kutumiwa, na hapa kwetu ambapo umeme hupotea mara kwa mara, betri iliyochoka ni kengele iliyokufa. Wapaka rangi hupaka hata kitambuzi chenyewe, wakaziba matundu yake. Mpangaji mpya huja na mbao zake akagawa chumba kimoja kuwa vitatu, na kitambuzi kilichokuwa kikilinda chumba kizima kikabaki kinalinda kichumba kimoja, huku viwili vikiachwa vipofu. Fundi wa kuvuta nyaya za simu hukata waya asioujua, akaenda zake. Hakuna hata moja katika haya linaloonekana kwa macho ya mpita njia. Kisanduku hubaki chekundu vile vile, na kijisahani hubaki darini vile vile. Njia pekee ya kujua kama kengele ni nzima ni kuijaribu.

Basi ukaguzi wenyewe ni nini? Wengi hudhani ni jambo la wataalamu wenye mitambo mikubwa. La, sehemu kubwa ya kazi hii yaweza kufanywa na mtu yeyote makini. Kanuni za utendaji zinazofuatwa na mafundi wa Uingereza zinashauri kengele ya jumba ijaribiwe kila wiki, kwa kutumia kisanduku kimoja cha ukutani, na wiki inayofuata kitumiwe kingine, hadi vyote viishe na mzunguko uanze upya. Kisanduku huwa na ufunguo wake wa kujaribia, kwa hiyo hakuna haja ya kuvunja kioo. Jaribio hufanywa siku ile ile na saa ile ile kila wiki, ili wapangaji wajue kwamba ni jaribio, na yeyote ambaye hakuisikia kengele kutoka mahali alipo apate kusema. Halafu, kila baada ya miezi sita hivi, fundi aliyehitimu huja kukagua mfumo wote: vitambuzi, nyaya, betri na ving'ora. Kila jaribio na kila hitilafu huandikwa katika daftari, pamoja na tarehe na jina la aliyefanya kazi hiyo.

Daftari hilo nalitilia mkazo kuliko jambo jingine lolote. Sisi walimu tunajua maana ya rejista. Mwanafunzi asiyeitwa jina lake kila asubuhi anaweza kutoroka wiki nzima bila mtu kutambua. Kengele isiyo na rejista nayo hutoroka kazini vivyo hivyo. Na iwapo kuna daftari lenye majina na tarehe, hata yule msimamizi wa jumba letu asingeweza kusema kwamba kengele ilizimwa "kitambo". Angelazimika kuonyesha ilizimwa siku gani, kwa amri ya nani, na imebaki hivyo kwa wiki ngapi.

Huenda msomaji akauliza kama sheria zetu zimelisahau jambo hili. Hazikulisahau. Mwaka wa 2007 nchi hii ilipata kanuni za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi, nazo zinamtaka mwenye kutumia jengo afanyiwe ukaguzi wa usalama wa moto walau mara moja kila miezi 12 na mkaguzi aliyeidhinishwa, na awafanyishe watu wake zoezi la kutoka jengoni walau mara moja kwa mwaka. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Aidha, Katiba ya mwaka wa 2010 iliikabidhi kazi ya uzimaji moto kwa serikali za kaunti. Karatasi, basi, tunazo.

Lakini karatasi peke yake haimtoi mtu katika moshi. Tarehe 28 Januari 2009, kanuni hizo zikiwa tayari zimekwisha kuandikwa, duka kubwa la Nakumatt Downtown lililokuwa katikati ya Nairobi liliteketea mchana kweupe. Watu wapatao 29 walipoteza maisha yao. Hawakuwa msituni wala jangwani. Walikuwa ndani ya jiji kuu, mahali ambapo watu walikwenda kununua mkate na sabuni. Baadaye yalizuka mabishano makali kuhusu milango, kama ilifungwa au haikufungwa, na nchi nzima ilizungumzia usalama wa majumba ya biashara kwa majuma kadhaa. Kisha mazungumzo yakapoa, kama yapoavyo yote. Tangu hapo kila nikiingia katika duka lenye orofa mbili au tatu hujikuta nikitafuta mlango wa pili kabla ya kutafuta bidhaa.

Msiba wa namna hiyo hutufunza kwamba moto wa jengoni ni jambo la dakika, si la saa. Kadhalika hutukumbusha kwamba katika mioto ya majengo wengi huuawa na moshi kabla ya mwali kuwafikia. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayomlegeza mtu na kumpumbaza kabla hajatambua kwamba yumo hatarini. Kwa hiyo dakika mbili au tatu ambazo kengele humpa mtu si kitu kidogo. Katika jumba letu, lau kengele ingelia mara tu moshi ulipoanza ndani ya ile bohari, tungeshuka ngazi ikiwa bado ni nyeupe.

Pana jambo jingine la kutahadhari nalo. Si kila ukaguzi ni ukaguzi. Tarehe 1 Disemba 1958, katika mji wa Chicago nchini Marekani, shule ya Kikatoliki iliyoitwa Our Lady of the Angels ilishika moto muda mfupi kabla ya saa ya kwenda nyumbani. Walikufa wanafunzi 92 na watawa 3 waliokuwa wakiwafunza. Shule hiyo ilikuwa imekaguliwa majuma machache tu kabla ya msiba, nayo ikapita, kwa sababu ilikuwa ya zamani na sheria mpya hazikuyabana majengo ya zamani. Kengele yake ililia ndani ya jengo tu. Haikuwa na waya wa kuwaita wazimamoto. Tena ilipolia, moshi ulikuwa umekwisha kujaa katika ukumbi wa orofa ya juu, na madarasa kadhaa hayakuwa na pa kutokea isipokuwa madirishani. Mkaguzi aliyepita mle alilinganisha jengo na karatasi, akaona vinalingana. Swali ambalo halikujibiwa ni lile ambalo mtoto yeyote angeliuliza: moto ukizuka hapa leo, tutatoka?

Baada ya msiba huo miji mingi ya Marekani ilibadilisha sheria zake za shule, ikasisitiza kengele zinazowafikia wazimamoto moja kwa moja pamoja na mazoezi ya mara kwa mara ya kutoka madarasani. Ni huzuni kwamba roho za watoto ndizo zilizolipa bei ya mafunzo hayo. Lakini huzuni yetu sisi ni kubwa zaidi, maana tumelipa bei iyo hiyo zaidi ya mara moja. Machi 2001 wanafunzi 67 wa Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, waliangamia katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni, unaotaka milango ya mabweni ifunguke kuelekea nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kengele za moto ziwekwe mahali panapofikika kwa urahisi. Hata hivyo, Septemba 2024 tuliwazika watoto wengine 21 wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, baada ya bweni lao kuungua usiku. Wazazi wao waliwapeleka shuleni wakiwa na masanduku na magodoro, wakaitwa kuja kuwatambua.

Najua kwamba bweni si duka, wala duka si bweni. Lakini maradhi ni yale yale, na mahali pengi siku hizi hata kuta ni zile zile. Vyuo vingapi vimepanga katika majumba ya biashara? Shule ngapi za chekechea zimo juu ya maduka ya vyuma na rangi? Mwanafunzi wa leo hupita kwenye lango la jumba la biashara akiwa na vitabu vyake, na jirani yake ni mwenye kuuza mafuta taa, au mtengenezaji wa samani mwenye mapipa ya gundi na vanishi. Kwa hiyo mwalimu anayesema kwamba ukaguzi wa majumba ya biashara haumhusu, kama nilivyosema mimi, hajatazama chini ya sakafu yake.

Nimewahi kujadiliana na wenye majumba juu ya mambo haya, na hoja zao nazijua. Ya kwanza ni gharama. Wanasema fundi ni ghali, na kodi haitoshi. Sikatai kwamba fundi hulipwa. Lakini jaribio la kila wiki halihitaji fundi. Linahitaji mtu mmoja, ufunguo mmoja, kalamu na daftari. Na gharama ya fundi wa mara mbili kwa mwaka, ikigawanywa miongoni mwa wapangaji wote wa jumba, haiwezi kulinganishwa na hasara ya bohari moja iliyoungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na penye moto hata ukuta wenyewe huenda usiweze kuujenga tena.

Hoja ya pili ni usumbufu: kengele hulia ovyo, na kufukuza wateja. Hoja hii ina ukweli, na ndiyo iliyoizima kengele yetu. Lakini kengele inayolia ovyo ni mgonjwa anayelalamika. Dawa yake ni kumwita daktari, si kumziba mdomo. Pale kwetu tatizo lilikuwa kitambuzi cha moshi kilichowekwa karibu na jiko. Fundi angekiondoa na kuweka cha joto, na vitunguu vingekaangwa hadi usiku bila king'ora kulia. Kwa kukosa kazi ndogo kama hiyo jumba la orofa nyingi liliachwa bila ulinzi kwa sababu ya kikaango kimoja.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba mkaguzi mwenyewe anaweza kunyweshwa chai akatia sahihi bila kupanda ngazi. Hilo ni kweli, na ni aibu yetu sote, mtoaji na mpokeaji. Hata hivyo lina dawa. Chai hunywewa mahali pasipo na mashahidi. Pale ambapo wapangaji huisikia kengele ikijaribiwa kila wiki, ambapo daftari limewekwa langoni na yeyote anaweza kulifungua, na ambapo siku ya ukaguzi imetangazwa, mkaguzi ataona haya kutia sahihi juu ya kengele ambayo watu mia mbili wanajua kwamba haijalia tangu mwaka jana.

Ndiyo maana leo ninawaandikia walimu na wanafunzi, badala ya kuwaandikia wenye majumba. Mwenye jumba anajua anachotakiwa kufanya. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza. Mwalimu, siku ya kwanza ya muhula, kabla hujaandika tarehe ubaoni, waonyeshe wanafunzi wako milango miwili ya kutokea, na uhakikishe kwamba ule wa pili hauna kufuli. Waonyeshe kile kisanduku chekundu na uwaambie ni cha nini. Mwalimu wa fizikia anaweza kukifanya kitambuzi cha moshi kuwa somo zima la mwanga. Mwalimu wa hesabu anaweza kuwapimisha wanafunzi muda wa kushuka ngazi, darasa moja, kisha madarasa mawili kwa pamoja, waone wenyewe tofauti. Mwalimu wa Kiswahili, mwenzangu, anaweza kuwaandikisha barua rasmi kwa msimamizi wa jumba au kwa bodi ya shule, wakiuliza kwa adabu kengele ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani. Barua hiyo isiishie kusahihishwa na kurudishwa. Ipelekwe, na jibu lake lisomwe darasani.

Nanyi wanafunzi, msione kwamba kuuliza ni utovu wa heshima. Nimefunza miaka mingi, nimeulizwa maswali elfu ya sarufi, mengi nimeyasahau. Swali moja tu la msichana wa karibu na mlango nimeshindwa kulisahau, nalo halikuwamo katika mtaala. Ninyi ndio mtakaokuwa wenye maduka, mameneja, mafundi wa umeme, wakaguzi wa kaunti na wenye majumba wa kesho. Mkizoea sasa kutazama tarehe iliyoandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto na kufungua daftari la kengele, hamtaacha mazoea hayo mtakapopewa funguo za majumba.

Yule msichana alipona, akarudi darasani mkono ukiwa bado umefungwa, akafanya mtihani wake akaufaulu. Chuo kilihamia jumba jingine mwaka uliofuata. Siku ya kuhamia, wenzangu walipokuwa wakipanga madawati, mimi nilishuka kwa msimamizi nikamwomba anionyeshe daftari la kengele. Alinitazama kama mtu anayemtazama kichaa, kisha akasema halipo. Safari hii sikunyamaza. Nilimwandikia mwenye jumba, mkuu wa chuo akatia sahihi yake chini ya yangu, na baada ya majuma matatu fundi alikuja. Aligundua kwamba betri ya sanduku kuu ilikuwa imekufa na ving'ora viwili havikuwa na waya. Akavitengeneza, na Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi, kengele ililia kwa mara ya kwanza. Wanafunzi waliziba masikio na kucheka. Mimi nilikaa kitini nikaisikiliza mpaka mwisho.